Gari la Misibani

Fundi Ildefons aliinua boneti, akaitegemeza kwa kijiti, akainama na kutazama ndani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika gereji yake ya Bilele mjini Bukoba, mvua imetoka kunyesha, na Penina alikuwa amesimama juu ya tairi bovu ili viatu vyake visilowe.

"Injini bado haipo," alisema Ildefons.

"Najua haipo. Nimekuja kwa ajili ya breki."

Fundi akafunga boneti, akaingia uvunguni. Breki zilikuwa zimekwisha, boljointi ya kulia ilikuwa inagonga, na tairi za mbele zilikuwa na upara. Penina aliagiza vyote vibadilishwe. Kesho yake kulikuwa na harusi ya binamu huko Kamachumu, na gari lilikuwa limeshaahidiwa bila yeye kuulizwa. Alikuwa amechoka kuulizwa baada ya jambo kupita. Siku hizi hata baada hawakumuuliza.

Gari lilikuwa la baba yake, marehemu Mzee Ndyamukama. Injini yake ilikufa wiki aliyokufa mwenyewe. Ukoo ulikaa kikao, ukaona kwamba mzee ndiye aliyeijua injini ile, ndiye aliyeifungua na kuifunga kwa mikono yake kila mwaka, kwa hiyo haikufaa ibaki kuhangaika na watu wengine. Wakaizika kibanjani Muleba, kwenye shamba la migomba la mzee, kando ya kaburi lake, wakapanda mgomba juu. Tangu siku hiyo gari lilitembea bila injini. Halikunywa petroli wala oili, na mlimani halikuhema.

Tatizo ni kwamba lilikwenda kwenye shughuli za ukoo tu. Dereva alitaja shughuli kwa sauti, akazungusha ufunguo, likawaka. Msiba wa baba mdogo mmoja, likawaka. Posa ya mpwa, likawaka. Ukitaja soko, au shule ya Penina alikokuwa anafundisha, ungezungusha ufunguo mpaka kidole kiote sugu. Kadi ya gari ilikuwa na jina la Mwesiga, mdogo wake, maana ndiye mrithi. Yeye alirithi nyumba, kibanja na kadi. Penina alirithi bili za gereji. Kila asubuhi aliliosha gari, akaliacha pale uani kwake Buhembe, akaenda kazini kwa miguu.

Mama yao, Evodia, alikuwa akiishi kwa Penina, kwa sababu nyumba ya kibanjani ilikuwa imejaa wanawe Mwesiga. Nyonga ilikuwa mbovu, hakuweza kukaa kwenye kiti cha basi, na macho yake yalikuwa na presha. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba yakichelewa kupasuliwa yatazimika, na yakizimika hayarudi. Kisha likaja tangazo: madaktari bingwa wa macho watakuwa hospitali moja ya Muleba kwa wiki hiyo tu, hadi Ijumaa.

Penina alipiga hesabu ya kukodi gari, akakuta pesa ya kukodi gari imekwisha kuwa tairi mbili, breki na boljointi. Akaandika kwenye grupu la ukoo kuomba mchango. Watu wengi walijibu. Walituma mikono iliyofumbatana na maneno ya kumwombea mama. Shangazi mmoja alituma wimbo wa kwaya.

Ijumaa asubuhi akamkalisha mama yake kiti cha nyuma, akaingia mbele, akashika ufunguo.

"Tunampeleka Mama hospitali," alisema.

Kimya.

"Tunampeleka mke wa Mzee Ndyamukama hospitali."

Kimya. Hata taa za dashibodi hazikujisumbua. Penina akampigia simu Mwesiga.

"Dada, usilikasirikie bure," alisema Mwesiga. "Mama ni wa ukoo wa kwao. Hapa alikuja kuolewa."

"Amekuzaa wewe!"

"Ndiyo. Mimi ndiye wa ukoo."

Penina akakata simu, akaupiga usukani kwa kiganja mpaka kiganja kikauma. Alitaka kulia, ila hasira ilikuwa imefika kwanza. Mama Evodia alikuwa akimsikiliza kutoka nyuma, mkoba juu ya magoti.

"Nikifa mtanizika wapi?" aliuliza.

"Muleba, Mama. Kando ya Baba."

"Basi liambie nimekufa."

Penina alimtazama kwenye kioo. Mama alikuwa ameshajilaza, anavuta shuka. Akajifunika hadi kidevuni, akaacha pua nje kwa ajili ya kupumua.

"Tunampeleka Mama kuzikwa," alisema Penina.

Gari likawaka kabla hajagusa ufunguo. Redio, iliyokuwa mbovu tangu enzi za mzee, ikaanza nyimbo za maombolezo, tena kwa sauti safi.

Walikwenda vizuri. Pale Kemondo, wanaume waliokuwa wakipakia ndizi kwenye fuso walivua kofia. Walipopita Muhutwe kulikuwa na magari matatu nyuma yao, yamewasha taa, na simu ya Penina ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Lilikuwa grupu la ukoo. Wale wa mikono iliyofumbatana walikuwa wanatuma pesa za rambirambi kwenye mfuko wa ukoo. Mjomba wa Mwanza alituma. Binamu wa Dar alituma, akaomba radhi kwamba ni kidogo, nacho kilikuwa kingi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu.

"Wanatuma?" aliuliza mama kutoka chini ya shuka.

"Wanatuma, Mama."

"Kumbe wanazo."

Muleba mjini Penina akakata kona kuelekea hospitali. Usukani ukazunguka, tairi zisigeuke. Akakanyaga breki mpya kwa miguu yote miwili. Gari likalipita geti la hospitali kwa mwendo wa heshima, likaendelea hadi kibanjani. Jamani, Penina alilitukana gari lile matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Mama alimwacha amalize.

Kibanjani maturubai yalikuwa yamefungwa. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi, na kaburi lilikuwa limechimbwa tayari, kingo zimenyooka. Baba mdogo Kagaruki, mkubwa wa ukoo, alikuja kufungua mlango wa nyuma. Mama Evodia alikaa, akarekebisha kilemba.

"Kasinge waitu," alimsalimu.

Kagaruki aliitikia salamu, kisha uso wake ukaingia mikunjo.

"Shemeji, mbona umeamka? Watu wamekwisha fika. Ng'ombe amechinjwa."

"Nisamehe, shemeji. Nilikuwa nakwenda kwa madaktari wa macho."

"Ungesema mapema."

"Tulisema!" Penina alipaza sauti. "Wiki nzima tumesema! Baba mdogo, madaktari wanafunga leo jioni. Magari yapo hapa zaidi ya kumi. Mtu mmoja tu atupeleke, ni hapo mjini."

Watu waliangaliana. Si kwamba walikuwa wabaya. Walimhurumia kweli, na wengine walikuwa na machozi tangu asubuhi. Mwesiga akamshika dada yake bega, akamweleza taratibu kwamba hakuna anayeondoka msibani kabla ya kuzika. Na kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, hilo hata watoto wanajua. Ukoo wote ungeingia mkosi.

Penina akataja zile rambirambi. Kwa pesa ile wangekodi gari, wangemfuata daktari mpaka Mwanza.

"Pesa ya marehemu haigeuzwi kuwa ya mgonjwa," alisema Kagaruki, na wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Basi wakakata mgomba, wakaupima kwa kimo cha Mama Evodia, wakauvisha sanda ili uzikwe badala yake. Mwinjilisti akasoma, kwaya ikaimba. Shangazi alisimama akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mkarimu, na Mama Evodia, aliyepewa kiti cha mbele, alimsahihisha jina la kijiji alichozaliwa. Alitupa udongo kama wengine. Akala, akasifu nyama. Kila alipoinuka Penina kutazama njiani, mtu alimwambia akae, shughuli inakaribia kwisha. Ilikwisha jua likizama. Walipopata mtu wa kuwafikisha hospitali, mlinzi aliwaambia madaktari wameshapanda gari lao.

Gari la mzee halikurudi Bukoba. Lilibaki kibanjani, na Penina hakulifuata. Alikopa, akanunua jingine, dogo, la mkono wa pili, lenye injini yake mahali pake. Lilikunywa petroli, lilipiga kelele mlimani, na lilikwenda kokote alikoligeuzia. Siku ya kwanza aliendesha kuzunguka Bukoba bila shughuli yoyote, akalia njia nzima, na gari halikumuuliza. Madaktari waliporudi mwaka uliofuata alimfikisha mama yake mapema, wakawa wa kwanza kwenye foleni. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akazima tochi. Akasema laiti mama angekuja mwaka jana.

Mwezi wa Desemba ukoo ulimaliza kujengea kaburi. Penina alimpeleka mama yake, maana mwenye kaburi hawezi kukosa. Walimshika mkono hadi pale, akapapasa. Vigae vilikuwa vya hali ya juu, vimepangwa bila nafasi, na jina lake lilikuwa limechongwa kwa kina hata vidole viliweza kulisoma.

"Hatukubana mkono kwa ajili yako, shemeji," alisema Kagaruki. "Kijiji hiki chote hakuna kaburi kama hili."

Mama Evodia alishukuru kwa heshima, kama alivyolelewa. Kisha akauliza gari la Penina liko upande gani.