Hukumu ya Padi Mpya

Walimwita Jaji. Jina alijipachika mwenyewe, ingawa ukimuuliza angekwambia amepewa na watazamaji. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu na kutoa hukumu, na mashine mpya ikitoka, watu wengi walisita kununua mpaka wasikie Jaji kasemaje. Alikuwa anaketi kwenye kiti chake chekundu katika chumba cha nyuma, taa mbili zikimmulika usoni, nyaya zimetapakaa sakafuni kama tambi zilizomwagika, anaponda hiki na kile, na watu walimpenda kwa sababu ulimi wake haukuwa na breki.

"Gemu za siku hizi zinatoka mbichi," alikuwa akisema. "Unanunua, unafika nyumbani umejaa hamu, mashine inakwambia subiri kwanza, hatujamaliza kupika. Zamani ulichomeka kaseti ukacheza. Kama ni mbovu, ilikuwa mbovu palepale, hukuzungushwa." Waliotoa tundu la diski kwenye mashine mpya aliwaita wezi wenye tai, maana gemu isiyoshikika mkononi si yako, siku wakinuna wanaifuta. Picha nzuri hazikumbabaisha. "Nyasi zinapepea vizuri, nimeona, asante. Sasa humo kwenye nyasi nicheze nini?"

Lakini kitu alichokiheshimu kuliko vyote ni padi, kile kishikio chenye vitufe vya kuchezea. Mashine iwe na nguvu za kubomoa ukuta, alisema, mchezaji haishiki mashine, anashika padi. Padi ikikusaliti umekwisha.

Kwa hiyo ilipofika mashine mpya ambayo mji mzima ulikuwa unaizungumzia, alianza na padi yake. Ilisifiwa kwa mtetemo wa aina mpya: mvua ikinyesha ndani ya gemu unayasikia matone kiganjani, gari likiingia kwenye changarawe unaisikia changarawe. Jaji aliicheza asubuhi nzima na karibu aisifu, jambo lisilo la kawaida kwake. Kisha gemu ikafika mahali pa kupakia hatua inayofuata, skrini ikawa nyeusi, hakuna mvua wala gari. Akalaza mkono wa kulia pajani, padi ikiwa kiganjani, asubiri. Padi iliendelea kutetemeka.

Ulikuwa mtetemo mdogo, wa mbali, kama simu inayoita ndani ya begi la mtu mwingine. Akaishika vizuri zaidi, ukanyamaza. Akalegeza, ukarudi.

"Hebu shika hii," alimwambia Kamera. Kamera alikuwa binti wa mjomba wake, ndiye aliyempiga picha na kukata video zake, na ndiye ndugu pekee aliyemvumilia Jaji kazini.

Kamera akashika. "Kaka, mimi sisikii kitu."

"Wewe mikono imekufa ganzi kwa kubeba makamera."

Akauzima mtetemo kwenye mipangilio. Bado. Akaizima mashine yenyewe. Bado. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kitu kilichozimwa kinapata wapi nguvu za kutetemeka. Jaji hakujiuliza, au alijiuliza akaogopa jibu, akaamua haraka kwamba ni njaa tu. Alikula, akarudi, akawasha taa zake, akarekodi hukumu. Aliinyanyua padi karibu na uso kama kawaida yake, akaitikisa kwa dharau.

"Inatetemeka hata nikiizima," alisema. "Mota yake ina wazimu. Rudisheni dukani."

Video ilishika moto. Watu wakaandika kwamba hata zao zinatetemeka, maana ukimwambia mtu kitanda chake kina kunguni, usiku huohuo atajikuna. Mwenye duka la gemu alimbadilishia Jaji padi bila ubishi. Ya pili ikawa vilevile. Jaji akafurahi, akasema kundi zima ni bovu, na mwenye duka alipopiga simu kulalamika kwamba watu wanarudisha padi na fundi wake akizifungua hakuti kasoro, Jaji akamjibu, "Basi badilisha fundi."

Alipokata simu alikuwa amekaa mezani, kijiko kiko ndani ya glasi ya chai, glasi iko mkononi. Kijiko kilikuwa kinagonga glasi, ting ting ting, polepole. Akakitoa kijiko akakiweka mbali. Tangu siku hiyo alianza kunywa chai bila kukoroga, na hakumwambia mtu.

Sasa, mama yake. Mama alihamia kwake baada ya baba kufariki, akachukua chumba cha mbele chenye jua. Video za mwanawe hakuzitazama, alisema hawezi kumlea mtu miaka yote hiyo halafu aje amsikilize akigombana na vyombo vya plastiki. Chumba cha nyuma hakuingia kabisa kwa kuogopa nyaya. Alasiri moja, miezi kama mitatu baada ya hukumu ile, alikuwa sebuleni anakunja nguo, na Kamera alikuwa ameiweka hukumu ya padi kwenye televisheni kubwa ili aisikilize sauti, kwa kuwa Jaji alitaka sehemu ya pili.

*Inatetemeka hata nikiizima.*

Mama aliacha kukunja. Shati lilibaki mikononi, mkono mmoja umekunjwa, mmoja unaning'inia.

"Rudisha hapo," alisema.

Kamera akarudisha. Mama akasikiliza tena, safari hii amefumba macho. Kamera akauliza, "Shangazi, unaumwa?" Mama aliliweka shati juu ya kiti, akaenda chumbani kwake, akatoka na mfuko wa kitambaa uliokuwa mzito, vitu vikigongana ndani. Akaelekea chumba cha nyuma, akainua gauni kidogo, akavuka nyaya moja moja kama mtu anayevuka mfereji.

Jaji aligeuka na kiti chake. Kumwona mama yake humo ndani kulimtisha kabla hajajua kwa nini.

"Izime hiyo," Mama alisema.

"Mama, niko kazini."

"Izime, mwanangu."

Akazima. Skrini ikawa nyeusi, feni ikapunguza kasi mpaka ikanyamaza.

"Hiyo unayoshika ina betri? Toa."

Padi ilitumia betri mbili ndogo kama za rimoti. Jaji akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa, akaziweka mezani, akarudisha kifuniko.

"Sasa ishike kama unavyoishika ukiwa unasubiri."

Alilaza mkono pajani. Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu, na akaanza kutumaini. Kisha kifuniko cha betri, kilicholegea kidogo upande mmoja, kikaanza kugonga. Tik, tik, tik. Tumbo la padi lilikuwa tupu. Hakuna kitu ndani yake kilichoweza kutetemeka, na ilikuwa inatetemeka.

Jaji aliogopa. Alikuwa amecheza gemu za kila zimwi, ameuawa gizani mara zisizo na idadi akicheka, na hakuna hata moja iliyomfundisha woga huu, wa kutazama kiungo chako mwenyewe kikifanya kazi isiyo yako. Aliuamuru mkono uache. Mkono haukusikia. Kamera alikuwa amesimama mlangoni na amejiziba mdomo.

Mama alikaa kwenye ukingo wa sanduku la spika, akaumimina mfuko mezani. Zilikuwa mashine za kunyolea za baba yake Jaji, za waya, za zamani na za mwishomwishoni, nyingine bado zina nywele fupifupi kwenye meno. Baba alikuwa kinyozi. Akachomeka moja kwenye umeme, ikavuma vizuri, sauti moja iliyonyooka. Akaichomoa, akachomeka nyingine. Nzima. Na nyingine.

"Zote ni nzima," alisema. "Baba yako alizibadilisha moja baada ya nyingine, na kila muuzaji alimtukana. Alikuwa anasema maneno yaleyale uliyoyasema kwenye televisheni. 'Mama watoto, hii mashine inatetemeka hata nikiizima.' Nami nilimwamini. Nilikuwa nakwenda naye dukani tugombane wawili."

"Mama, inaweza kuwa uchovu. Silali vizuri, nakunywa kahawa nyingi."

"Inaweza kuwa. Na yeye alisema ni uchovu. Halafu akaanza kuuficha mkono kwenye mfuko wa aproni, mteja akijitazama kwenye kioo. Mpaka siku alipomkata yule mwalimu sikio, damu ikachuruzika kwenye kola. Tulipofika kwa daktari akaulizwa imeanza lini, akasema wiki iliyopita. Nikakaa kimya nimtunzie heshima." Alizima mashine aliyokuwa ameishika. "Ilikuwa imepita miaka. Daktari alisema tungewahi, kulikuwa na dawa za kumsaidia akanyoa watu muda mrefu zaidi."

Jaji aliyakumbuka yaliyofuata, hakuhitaji kusimuliwa. Kinyozi aliyesifiwa kwa mkono mwepesi, ananyolewa ndevu na mkewe. Vifungo vya shati vikifungwa na mtu mwingine. Kijiko kikipotea njia kabla ya kufika mdomoni, na baba akiangalia pembeni ili asiwaone wanaomwona. Jaji alikuwa kijana wakati huo, na alikuwa akiingia chumbani na kuongeza sauti ya gemu.

"Kesho tunakwenda hospitali," Mama alisema. "Na ukiulizwa imeanza lini, utasema kweli."

Hapo ndipo akili yake ilipoanza kukimbia, na kasi yake ilimtisha kuliko mkono wenyewe. Angeweza kurekodi uso tu, Kamera asishushe picha chini ya mabega. Angeweza kuacha gemu za mbio na za kupigana, achukue za kufikiri polepole, aseme ladha yake imekua. Angeweza kuiponda kila padi itakayotoka mpaka mwisho wa dunia, na maelfu wangemwitikia kwamba hata zao zinatetemeka. Vyote hivyo alivipanga kwa muda ambao mtu angepiga chafya. Kisha akaona ameuficha mkono wa kulia chini ya paja, ameukalia, na hakujua ameuweka huko saa ngapi.

Mama naye alikuwa ameuona. Alikuwa anatazama tu pale, kama alivyokuwa akiutazama ule mfuko wa aproni.

Jaji akautoa.

"Kamera," alisema, "washa."

"Kaka, leo si lazima. Tutaifuta ile video, basi."

"Nikiifuta nitapata pa kujificha. Washa."

Kamera akaweka kamera sawa. Jaji alijiweka vizuri kwenye kiti chekundu. Watazamaji wake walikuwa wanajua desturi: kabla ya hukumu ananyanyua kifaa kwa mkono wa kulia, anakiweka kando ya uso, ananyamaza kidogo, ndipo anasema. Akainyanyua padi. Isiyo na betri.

Mkono ulitulia.

Ulitulia kabisa, imara kama mkono wa mtu yeyote, na tumaini likampanda hata akataka kucheka. Labda ni uchovu kweli. Labda Mama amejitisha kwa ya zamani. Alikuwa anafungua mdomo kusema jambo jingine kabisa, lenye utani, alipousikia ukirudi. Ulianza kwenye kidole gumba, ukaja kwenye kifundo cha mkono, na kile kifuniko kikaanza tena, tik, tik, tik, karibu na sikio lake.

"Niliwaambia padi hii inatetemeka hata nikiizima," alisema. Sauti haikuwa yake. "Mliorudisha, mwenye duka hakuwa na kosa, wala fundi wake. Ndani haina betri hapa ninapoishika. Nimetoa hukumu nyingi, na sijawahi kuwaambia kitu ni kizima, kwa hiyo sikilizeni. Padi hii ni nzima. Haina kasoro hata moja. Ni mimi. Ilianza kama miezi mitatu iliyopita, na ninaogopa sana."

Kamera aliuliza kwa sauti ndogo kama akate. Jaji akatikisa kichwa kukataa, padi bado iko juu, kwa kuwa hakujua amalizie vipi. Hukumu zake zote zilikuwa na mwisho wa kejeli.

Mama akainuka, akavuka nyaya bila kuziangalia, akaingia ndani ya mwanga wa taa. Akaichukua padi mkononi mwa mwanawe na kuishika kwa vidole viwili, hivihivi, kama mtu anayeshika kitu asichokijua kazi yake. Kifuniko kikanyamaza papo hapo. Mkono wa Jaji ulibaki hewani kando ya uso wake, hauna kitu, unaendelea kutetemeka.