Kumi na Tatu Mezani

Ghislaine Pruvost alijua jinsi Wafaransa wa miaka mia saba iliyopita walivyooga, walivyooana na walivyozikwa. Kila Alhamisi jioni aliwaeleza hayo watu wa mji wake mdogo, pale maktaba, nao walimpenda kwa hilo. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe anakula na nani. Alikula na redio.

Alhamisi ya mwisho ya mwaka aliandaa karamu ya kale: vipande vinene vya mkate mkavu badala ya sahani, nyama na mchuzi juu yake, kila watu wawili kipande kimoja na kikombe kimoja. Watu kumi na watatu walijiandikisha. Yeye angekuwa wa kumi na nne. Hesabu alishaipiga: atakayebaki bila mwenzake ni Hector Lamblin, fundi saa mstaafu aliyefiwa na mkewe. Siku hiyo Ghislaine alipaka rangi ya mdomo, akaona haya, akaifuta, akapaka tena.

Mke wa mwokaji akashikwa na mafua, hakuja.

"Ngojeni kwanza!" Bi Cuvelier, aliyepangiwa kula na mgonjwa huyo, aliruka kitini. "Tuko kumi na watatu! Mimi sikai. Mnataka mmoja wetu afe kabla mwaka haujazunguka?"

"Ukitangulia wewe, mtaa utapumzika," mtu akamtania.

Walicheka, lakini wote wakasimama. Wapenda elimu hao! Ghislaine angeweza kuwaambia ni ushirikina mtupu. Adabu ikamponza.

"Basi kaeni, mimi nitawahudumia," alisema, akamtazama Hector, akingoja akatae.

"Umetuokoa, mwalimu!" Hector alisema, akavuta kiti kando ya Bi Cuvelier.

Walikula, wakanyang'anyana vikombe, wakacheka mpaka machozi. Ghislaine alizunguka na bakuli la mchuzi. Karamu ni yake, na nafasi hana.

"Na mkate wenyewe, ukishalowa hivi," Hector aliuliza, "enzi hizo aliula nani?"

"Walipewa maskini waliosimama mlangoni," alijibu, naye bado amesimama na bakuli lake.

"Ala! Hilo sikulijua." Hector alitoa daftari, akaandika jibu hilo kwa mwandiko wake mzuri, akalipigia mstari, kisha akamwomba amwongezee mchuzi.