Mzee Kwok Mbele ya Wakurugenzi

Asubuhi hiyo ya Jumatano Chibalonza alikuwa na kazi moja tu, na wala haikuwa ya kuchimba kisima: kumfunga Mzee Kwok tai, kumkalisha mbele ya tableti, na kumwingiza Zoom kwenye mkutano wa wakurugenzi wa benki yake. Walikuwa wanapiga kura ya kumng'oa uenyekiti. Kabla ya kura angepewa nafasi ya kujitetea, na wiki nzima alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba yake bafuni, akifoka hadi kasuku wa jirani wakahama mti.

Mzee hakuwa mtu mdogo, jamani. Alikuja Sydney kijana kutoka Guangdong, China, akaosha masufuria ya mgahawa, akaanza kuwakopesha wapishi wenzake, mwisho akajenga benki yenye jengo la kukuvunja shingo ukilitazama. Sasa corona ilikuwa imemfungia nyumbani kwake Kensington, koti la suti juu, pajama chini. Chibalonza, mama wa Bukavu, ndiye aliyempikia, aliyempa dawa, na kumgombeza alipozitema.

Basi Chibalonza akabonyeza. Akabonyeza palepale kidole kilipozoea kila Jumatano saa nne, saa ya shuhuda za kanisa lao. Hakutazama hata kidogo. Akaenda zake jikoni kuteleka uji.

Mara akasikia kutoka sebuleni, "Ameeen!"

Mwiko ukamponyoka. "Yesu wangu!"

Alikuta mzee amepamba moto, bila miwani kwa ajili ya maringo. Kwenye kioo cha tableti, Mama Faida alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya kupika, Mchungaji Bruno amefumba macho, na Bisimwa anatafsiri. Kanisani kwao mgeni akisema Kiingereza hutafsiriwa, atake asitake, na mkalimani akipoa kuliko msemaji ni aibu.

"Niliosha masufuria," alisema mzee.

"Aliosha masufuria ya Sydney nzima, wapendwa! Ngozi ikamtoka!"

"Benki zao zikaninyima mkopo."

"Wakamfukuza! Wakamfungulia na mbwa!"

"Ooo, Bwana!" alilia Mama Faida. "Halafu ikawaje, baba?"

Chibalonza alijua kibarua chake kimeota nyasi. Akainama sikioni kwa mzee. "Mzee, nimekosea. Hawa ni watu wa kanisa langu. Wakurugenzi wako kwingine, wanapiga kura sasa hivi. Nipe nikuhamishe."

Mzee akavaa miwani, akatazama. Kidole cha Chibalonza kilikuwa tayari hewani. Mama Faida alikuwa ameweka sombe kando, anangoja.

"Kule wamenipa dakika ngapi?"

"Tano."

"Na hapa?"

"Hapa? Mpaka Roho Mtakatifu achoke, mzee."

Mzee akakisukuma kidole cha Chibalonza pembeni. Hotuba akaikunja, akaikalia.

"Pesa ya kwanza haikuwa yangu," akasema, taratibu sasa. "Mke wangu aliuza cherehani yake. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao. Nikamwambia nitamnunulia nyingine tukipata nafasi. Tukapata nafasi. Nikasahau. Alipofariki, nikakuta mashati yangu ameyashona kwa mkono."

Bisimwa alisogea karibu na kamera yake. Kisha akayatafsiri yote bila kuongeza hata punje ya chumvi, na hilo kanisani halikuwahi kutokea. Hakuna aliyesema amina. Mama Faida akajifuta macho kwa kanga, na Chibalonza naye akalia palepale nyuma ya kiti, uji unaungua na yeye anasikia harufu.

Simu ikalia. Alikuwa binti wa mzee, Vivian, naye mkurugenzi wa benki. Sauti yake ilisikika chumba kizima. "Baba, ulikuwa wapi? Tumekungoja! Wamekutoa. Wote, isipokuwa mimi. Baba? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," alisema Mzee Kwok, macho hayajatoka kwa Mama Faida. "Nipigie baadaye. Niko kwenye mkutano."