Mgeni Asiye na Neno

Umeme ulikatika Gaudensi akiwa katikati ya mshono wa suruali. Alikaa mbele ya cherehani iliyonyamaza, akiitazama simu yake ikiita juu ya meza. Alikuwa yule bwana wa suti za harusi. Ikakata, ikaita tena. Nje, ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeondoka mapema, na kule juu mlimani bati moja liling'aa. Miaka yote aliyoshona hapo mjini Mazwi alikuwa akiliona bati lile, na hakuwahi kujua ni la nini.

Akainuka. Ukutani kulikuwa na koti jeusi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Akalivaa kwa ajili ya baridi, akafunga kibanda, akawasha pikipiki.

"Fundi!" vijana wa bodaboda walimpigia kelele pale kwenye kona. "Leo unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kutembea."

"Siku ya kazi? Peke yako? Huko una mchepuko, fundi, sema ukweli!"

Walicheka, naye akacheka, akapita.

Lami iliisha, ikaanza barabara ya udongo. Upepo wa uwanda, usio na mti wa kuuzuia, ulimpiga kifuani. Alipita mashamba ya ulezi yaliyovunwa nusu, akapishana na mkokoteni wa ng'ombe, na penye korongo akashuka akaisukuma pikipiki. Alikuwa na furaha. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza nguo itakuwa tayari lini.

Bati lilikuwa la kanisa la kijiji cha Malasi. Kijiji kilikuwa kimya, watu wako mashambani. Kwenye ua wa kwanza mama mmoja wa makamo alikuwa akipepeta ulezi, na msichana aliyejifunga kitenge kiunoni akimkingia beseni. Gaudensi alilelewa vizuri. Alijua mtu hazururi kwenye kijiji cha watu bila kupiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naomba maji ya kunywa. Halafu, wazee wapo?"

Ungo ulisimama hewani.

"Wazee?"

"Ndiyo, mama. Nilitaka niwaone wao kwanza."

"Kwanza," mama alirudia polepole. Akauweka ungo chini, akamtuma mtu kumwita shemeji yake.

Kwa Wafipa wa milimani, kama kwa wengine wengi, habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Hutumwa mtu. Mtu huyo huja peke yake, siku ya kazi, hana mzigo. Huomba maji, huulizia wazee, na akiulizwa kilichomleta hujibu kwamba amekuja kutembea tu, mpaka wazee watimie. Gaudensi aliijua desturi hiyo. Mwenyewe aliwahi kutumwa hivyo. Lakini pale uani, akiwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha maji mkononi, haikumjia kabisa.

Shemeji wa yule mama, mzee Maximilian, alifika na kisu cha kuvunia ulezi bado kimo mkononi.

"Karibu, bwana. Umekuja na neno gani?"

"Sina neno, mzee. Nimekuja kutembea tu."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa akikiogopa. "Sawa. Maliza maji. Ukipata nguvu utasema."

"Mzee, kweli kabisa, mimi ni fundi cherehani, niliona bati la kanisa..."

"Sisi ni watu wazima, bwana. Ni Edwin?"

"Edwin simjui."

"Hata waliotumwa kutuambia kuhusu kaka yangu walisema hawamjui."

Hapo ndipo Gaudensi alipolikumbuka koti jeusi alilovaa, kama la mtu wa msiba. Akataka kulivua, mikono ikamtetemeka, na kutetemeka kule kukamaliza kila kitu. Beseni lilimponyoka yule msichana, ulezi ukamwagika ardhini, naye akapiga yowe. Toka shambani yowe jingine likaitikia, na jingine toka ng'ambo ya bonde.

Gaudensi alipata kujua mambo vipande vipande, kila mmoja akimweleza kana kwamba anajua tayari. Edwin alikuwa mtoto pekee wa kiume wa mama huyu, Mama Anjela. Msichana ni Jenifa, mke wa Edwin wa ndoa ya kanisani. Edwin alikwenda machimbo ya dhahabu Chunya wiki chache tu baada ya harusi. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu yake ikawa inaita tu, haipokelewi.

"Mama," Gaudensi alisema, "tumpigie. Tutumie simu yangu. Edwin haijui namba hii."

Mzee Maximilian aliona ni utovu wa adabu, lakini Mama Anjela alikwisha kusimama. Mtandao ulipatikana kwenye mawe ya juu, nyuma ya kanisa. Walipanda wawili, vilio vikiongezeka nyuma yao. Namba ya mwanawe mama aliijua kwa moyo. Aliitaja bila kukwama.

Iliita. Ikapokelewa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Mama alijishika kwenye jiwe. Gaudensi akaweka sauti ya nje.

"Edwin?" mama aliita. "Edwin, mwanangu, u mzima?"

Kulisikika mashine ikisaga mawe, na sauti ya mtoto.

"Mama, hii namba ni ya nani?"

"U mzima! Baba, tulikwisha kukulilia. Jenifa yuko hoi huko chini. Sema utakuja lini nimwambie."

"Siji, mama. Nina mke huku, nina mtoto. Mwambieni asiningoje."

"Nitamwambiaje hilo? Wa kanisani huyu, Edwin. Kwao walikuja kumchukua, akakataa."

"Basi mwambieni nimekufa! Si mmekwisha kulia?"

Ikakatika. Gaudensi alipiga tena, akaambiwa simu imezimwa.

Mama Anjela alikaa juu ya jiwe akiyatazama mashamba yake, yale matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani yaoze.

"Matuta yote yale kayapiga Jenifa," alisema. "Mimi mgongo hauinami tena. Kila usiku anamwekea Edwin chakula. Asubuhi anakula yeye kile kiporo."

Gaudensi aliirudisha simu mfukoni.

"Padri hawezi kumfungisha ndoa nyingine mume akiwa hai. Wewe unajua hilo."

"Najua, mama."

"Haya." Alifunga upya kitenge chake, akaanza kushuka. Walipolifikia kanisa alifumbua kinywa akalia, na Gaudensi, aliyekuwa nyuma yake, nywele zilimsimama, maana kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

Ua ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamekwisha kuleta kuni. Mzee Maximilian alimvuta Gaudensi kando.

"Pole kwa kazi uliyopewa. Wamemzika?"

Gaudensi alimtafuta Mama Anjela kwa macho. Alikuwa chini, katikati ya wanawake, kichwa kimefunikwa, wala hakumtazama. Angeweza kusema kweli. Aliifikiria, ikafika hadi kwenye meno.

"Wamemzika," alisema. "Hukohuko. Shimo lilititia."

Mleta habari haondoki kabla ya kula na wafiwa. Walimkalisha kwenye mkeka, wakamletea ugali wa ulezi na maharage. Jenifa mwenyewe ndiye aliyemletea maji ya kunawa, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alipiga magoti, akamimina. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shemeji," alinong'ona, "kabla ya shimo, ulikuwa naye?"

"Nilimsikia."

"Alinitaja?"

Maji yaliendelea kumwagika juu ya vidole vyake, yakajaa bakuli.

"Alisema usimngoje," Gaudensi alijibu.

Jenifa aliinamisha kichwa, akamshukuru.