Mstari wa Afande

Miguu ya Afande, trafiki mstaafu, siku hizi haipokei amri. Ugonjwa umeivuruga: huu ukienda kulia, ule unakwenda zake. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi alikuwa anampitisha juu ya mstari mweupe sakafuni, unyayo mbele ya unyayo.

Dereva wa lori, mwenye ugonjwa uleule, alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake, mbavu hana.

"Afande, unakumbuka ulivyonitembeza mstari kama huo barabarani, ukasema nimelewa? Na mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe!"

"Kumbe ulikuwa unaumwa, ndugu yangu!" Afande akacheka mpaka akapepesuka. "Wee dereva, nikamate!"

"Siku hii nimeisubiri sana," dereva akasema. Akainuka, akashika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akamkamata barabara.