Geti la Jukwaa la Kusini

Sisi watu wa San Lázaro hatuna akili. Nasema wazi, na anayebisha aje tubishane. Jumapili ile timu yetu, Caleros, walihitaji sare tu wasishuke daraja. Sare! Kufika mapumziko tulishachapwa tatu bila, na wageni kutoka Río Hondo wanatupigia miluzi kama wanaita mbwa. Ungedhani watu watalia. Wapi! Jukwaa la kusini lilikuwa linaimba mpaka zege linatetemeka, chupa zinaruka, na golikipa wetu mwenyewe kapasuliwa kisogo kwa jiwe lililotoka kwetu.

Baba yangu, Mzee Hilario, ndiye aliyeanzisha genge letu la washangiliaji, na ndiye aliyeweka sheria: hakuna kutoka kabla ya kipenga cha mwisho. Timu ifungwe hata kumi, utabaki na utaimba. Geti la jukwaa tunalifunga kwa kufuli letu wenyewe, polisi wanajua na wananyamaza. Ukijitia ujuaji ukataka kutoka, unakula mkanda mpaka urudi juu. Baba alipozeeka, geti likawa la kaka yangu Evodio, na ufunguo akawa anauvaa shingoni.

Kipindi cha pili kilipoanza niliona baba ameacha kuimba. Mtu huyu aliimba hata siku tunamzika mama. Uso umekuwa wa kijivu, jasho linamtiririka, na kwa mkono mmoja amejishika kifua.

"Baba, una nini?"

"Vumbi tu."

"Vumbi gani linakufanya upumue hivyo? Inuka, twende hospitali."

"Twende wapi? Mpira haujaisha, Ofelia. Usinitie aibu."

Bao la nne likaingia. Nyuma yetu watu wakaanza kung'oa viti. Sikumuuliza tena. Nikamshika kwapani nikaanza kumteremsha ngazi, yeye ananisukuma kwa kiwiko kisicho na nguvu, watu wanatutemea mate.

"Msaliti! Nenda kawashangilie Río Hondo!"

"Mwanamke, mwache mzee aangalie mpira!"

Mmoja akanimwagia bia usoni. Nikampiga ngumi ya mdomo nikapita. Niliogopa, sina haja ya kuficha, na mimi nikiogopa napiga.

Getini palikuwa na damu. Jamaa mmoja aliyejaribu kutoka alikuwa amelala chini amejikunja, na Chato, rafiki wa kaka yangu tangu utotoni, bado anamkanyaga mbavu. Evodio amesimama mbele ya kufuli, mkanda kauzungusha mkononi, bizimu la chuma linaning'inia.

"Fungua, Evodio. Baba anaumwa."

"Rudi juu."

"We kiziwi? Moyo! Mtazame!"

Akamtazama. Nadhani aliona, maana mkono ulishuka kidogo. "Mzee," akasema, kwa adabu kabisa, "ni kweli? Unataka kutoka?"

Baba akauangalia mkanda. Akamwangalia yule wa chini. Akawaangalia vijana wote waliokuwa wakimwita jenerali, wamekaza macho wanasubiri. Mungu wangu, nilimwona akivuta pumzi na kujinyoosha mgongo.

"Mimi? Mimi sina kitu," akasema. "Dada yako ndiye anayetaka kutoka."

Wakaangua kicheko. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu pale, na hapo hapo nampenda mpaka nataka kulia.

"Umesikia?" Evodio akasema. "Panda juu kabla sijasahau kwamba wewe ni dada yangu."

"Thubutu!"

Akanichapa. Chuma kikanipata juu ya jicho, damu ikanifunika upande mmoja. Mpiga ngoma alikuwa karibu. Nikampokonya gongo lake nikamgeukia Chato aliyekuwa ananijia, nikampiga la pua. Nilisikia mfupa. Akakaa chini anauliza, "Umenifanya nini, we?" Nikamrudia. Kisha Evodio akanikaba shingo kwa nyuma, nami nikazamisha meno kwenye mkono wake, sikuachia mpaka nikaonja damu yake na yangu pamoja. Alipopiga kelele niligeuka, nikakamata kamba ya ufunguo nikaivuta ikakatika.

Kufuli likafunguka. Lo! Kumbe nusu ya jukwaa ilikuwa inataka kutoka. Watu walishuka kama maharage yaliyomwagika kutoka guniani, akina mama, wazee, wanaume wazima waliokuwa wananiita msaliti dakika ile ile, wanakanyagana, wenye mikanda wanachapa hovyo. Wakamsukumia Evodio pembeni, akabaki ndani. Mimi nikambana baba ukutani, nikapokea viwiko vyote mgongoni, nikatoka naye.

Nje nilimlaza kwenye kivuli cha meza ya Mama Chayo, muuza taco, zile chapati za mahindi zenye nyama. Mama Chayo aliita gari la wagonjwa, lakini barabara nzima ilikuwa mawe na farasi wa polisi, na king'ora tulikisikia mbali, hakisogei.

"Nirudishe ndani," baba akasema.

"Nyamaza, baba. Pumua."

"Watasema nilikimbia. Nirudishe, mwanangu."

Akasema tena hivyo hivyo, bila sauti, midomo tu. Kisha macho yakabaki pale pale yanalitazama geti. Ndani kipenga kikalia, na watu wakazomea.

Evodio alitoka anakimbia, shati limechanika, mkono unavuja, ananitafuta mimi. "Yuko wapi? Yuko wapi huyo malaya aliyefungua?" Akatuona. Akamwona Mama Chayo anamfunika baba kwa kitambaa cha meza.

"Alisema hana kitu," akasema. "Ofelia, umemsikia. Nilimuuliza vizuri."

"Alikuogopa wewe," nikamwambia.

Akapiga magoti. Akaondoa kile kitambaa, akaanza kumpiga baba vikofi vya mashavu, taratibu, kisha kwa nguvu. "Mzee. Mzee, inuka. Mpira umekwisha. Ruhusa kutoka, baba, geti liko wazi." Akaendelea hivyo hivyo, na hakuna aliyemzuia.