Dramu za Bwana Vumbi

Duka lile linanuka kabla hujaingia. Ungali nje, kati ya fundi viatu na kibanda cha vocha, tayari harufu imekudaka puani: mkojo wa panya, gundi iliyochacha, na koti la mtu aliyenyeshewa akalala nalo. Ndani ni giza la makusudi. Saa za ukutani zilizokufa zimepangwa juu ya redio zilizokufa, na kila kitu kimevaa vumbi. Nalo si vumbi la uvivu. Mwenye duka analilea. Anapita na taa yake ndogo akilikagua kama mkulima anayekagua miche, na mteja akinyoosha kidole kufuta, anamrukia.

"Usifute! Vumbi hilo ni sehemu ya kitu. Ukilifuta, umefuta historia."

Ndiyo maana mimi nilimwita Bwana Vumbi, na siku tuliyokwenda kununua dramu nilitaka kutema mate palepale kwenye historia yake. Nilijizuia kwa sababu Cherehani alikuwa amenishika mkono.

Cherehani ni binti wa dada yangu. Tulimpa jina hilo kwa vile miguu yake haitulii chini ya meza. Wengine wakila, yeye anakanyaga sakafu kwa mapigo. Mimi napiga dramu kwenye bendi ya harusi, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika vijiti. Alifanyia mazoezi kwenye mito ya makochi mpaka dada yangu akaanza kuificha mito. Mtoto alikuwa tayari kwa dramu za kweli. Hakutaka jukwaa wala kupigiwa makofi. Alitaka kujua kama ile kelele iliyokuwa kichwani mwake inaweza kutoka.

Lakini mfuko ulikuwa wa Shangazi, dada wa baba yake, na mwenye mfuko ndiye mwenye macho.

"Dramu za siku hizi ni plastiki tupu," alisema njia nzima. "Mtoto wa kaka yangu ataanza na kitu chenye asili." Neno hilo "asili" alilivuta mdomoni kama mtu anayeramba asali kwenye kijiko. Na alikuwa ameweka sharti: dramu zitakaa sebuleni kwake, kwa kuwa kwetu hakuna nafasi, na Cherehani atakuwa anakwenda Jumapili.

Naijua sebule hiyo. Ina kinanda kisichofunguliwa, gramafoni isiyochezwa, na vitabu vilivyofungiwa ndani ya kioo. Kila kilichoingia mle kilinyamaza.

Bwana Vumbi alikuwa na seti mbili za dramu. Moja ilikuwa ndogo, ya kijani, pembeni kabisa, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilichuchumaa nikaikagua. Pedali ilirudi vizuri, na besi, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, ilikuwa ya kimo ambacho mtoto angeona mbele yake bila kunyanyua shingo kama twiga.

"Shangazi," nilisema, "hii hapa. Anayeanza unamkalisha kwanza. Goti lake likikaa vizuri na mguu ukifika kwenye pedali, hiyo ndiyo yake."

"Ile?" Bwana Vumbi alicheka kwa pua. "Ile kuna mtu aliiharibu. Alibadilisha ngozi zote, akaiosha. Imebaki dramu tu."

"Dramu tu!" Shangazi alirudia, akasogea mbali nayo kana kwamba ina upele.

Ya pili ilikuwa katikati ya duka, chini ya taa. Kubwa, nyekundu ya damu iliyoganda, matoazi yake yameota kutu ya kijani. Ngozi za juu zilikuwa za njano kama kucha za mguu wa mzee, na katikati ya kila moja kulikuwa na doa jeusi lenye mafuta.

"Ya mpiga dramu mkubwa sana," alinong'ona Bwana Vumbi. "Alipiga mbele ya marais."

"Marais gani?" niliuliza.

"Wa enzi hizo."

"Yeye jina lake nani?"

"Wanaomjua wanamjua."

"Na hili doa?"

Akainamisha kichwa kwa heshima. "Jasho lake."

"Jasho lake!" Shangazi akaweka mkono kifuani.

Ngozi ya dramu ni kitu cha kuvaa na kutupa, kama soksi. Inapigwa, inachoka, unaweka nyingine. Hakuna mpiga dramu duniani mwenye akili zake anayeitunza ngozi iliyokufa. Hawa wawili walisimama pale wakiliinamia doa la mafuta ya mtu kama wanaoangalia mtoto mchanga.

"Shangazi," nilisema, "fulana yangu ya harusi ya jana iko nyumbani, bado imelowa. Nikuletee uitundike?"

"Wewe Mjomba, umekuja kubeba. Hukuja kuongea."

"Basi niruhusu niipige." Nikakanyaga pedali ya besi. *Puf.* Ilikuwa kama mtu aliyekalia godoro. "Umesikia? Kuna kitu ndani. Tuifungue."

Bwana Vumbi alijitupa mbele yangu mikono imetanuliwa. "Haifunguliwi! Skrubu ni zilezile alizokaza yeye. Ndani kuna blanketi lake."

Blanketi ndani ya besi si ajabu. Wapigaji wengi huliweka ili mwangwi usizidi. Nilijua hilo, na alijua kwamba ninajua, akanichekea. Meno yake yalikuwa na rangi ileile ya ngozi zile.

Shangazi alimkalisha Cherehani kwenye kiti, akarudi nyuma na simu yake. Mtoto alizama. Nyuma ya ile besi alionekana nywele tu. Mguu wake ulifika kwenye pedali kwa ncha ya kidole gumba.

"Tabasamu, mama!"

"Mjomba," Cherehani aliniambia taratibu, bila kusogeza midomo, "inanuka."

"Inanuka historia," nilimjibu kwa sauti ili wote wasikie. Shangazi alikuwa ameshafungua mkoba.

Nilitaka kugoma. Nilikwisha kusema, "Mimi sibebi uchafu huu," nikaelekea mlangoni kifua mbele. Kisha nikamwona mtoto amebaki katikati yao na vijiti vyake kwapani, hajui amfuate nani. Nikarudi, nikabeba. Besi nililazimika kuikumbatia, shavu langu kwenye ubavu wake, na kila hatua ilinipulizia usoni pumzi ya kitu kilichokufa. Shati lile sikulifua. Nililichoma.

Jumapili Shangazi alialika marafiki. Walikaa kwenye makochi yenye vitambaa, wakishika vikombe kwa vidole viwili: jirani yake mwenye duka la vitambaa, mwalimu mstaafu wa jiografia, na mama mmoja daktari wa meno. Dramu zilikuwa zimesimama kwenye zulia jeupe na vumbi lake lote. Hata msichana wa kazi alikuwa ameonywa asizisogelee na kitambaa.

Hadithi ilikuwa imeongezwa chumvi tangu dukani. Sasa yule mpigaji alipiga mbele ya wafalme.

"Wafalme wa wapi?" aliuliza mwalimu wa jiografia.

"Wa enzi hizo," alijibu Shangazi, nami nikauma ulimi. "Haya, mama, wapigie wageni kidogo. Polepole, usiziumize."

Cherehani alikaa. Alinyanyua vijiti nilivyomfundisha, viwiko vikiwa vimelegea, akaanza pigo lile aliloliosha na kulipiga pasi wiki nzima kwenye mapaja yake mwenyewe. Mkono ulikuwa sawa. Mguu ulikuwa sawa. Kilichotoka kilikuwa *puf, taf, puf,* kama mtu anayekung'uta mkeka. Vumbi likapaa. Likatua kwenye chai. Daktari wa meno alikohoa, akafunika kikombe chake kwa kiganja.

Mtoto akaongeza nguvu. *Puf.* Akaongeza tena. Toazi moja lilitoa sauti ya mfuniko wa sufuria, likanyamaza. Wageni wakatabasamu lile tabasamu la watu wazima wanaomhurumia mtoto asiye na kipaji, na mwenye duka la vitambaa akasema, "Atajua tu, bado mdogo," akachukua biskuti.

Cherehani aliacha kupiga. Alinitafuta kwa macho juu ya ile besi.

"Mjomba," alisema, "kumbe mimi siwezi?"

Damu ilinipanda. Yote niliyokuwa nimeyameza tangu kwa Bwana Vumbi yalirudi: yule mzee na meno yake, doa la jasho, vidole viwili kwenye vikombe, na sasa mtoto huyu anabebeshwa aibu ya godoro la mtu mwingine. Ufunguo wa dramu, ule wa kulegezea skrubu, huwa ninao kila siku kwenye funguo zangu. Nikautoa.

"Usithubutu!" Shangazi alisimama. "Mjomba! Skrubu hizo ni za asili!"

Nikapiga magoti kwenye zulia jeupe. Skrubu zililia kama nguruwe, moja baada ya nyingine, na kutu ikamwagika. Shangazi alinivuta kola. Nikaendelea akiwa amenining'inia. Nilipotoa skrubu ya mwisho, ngozi ya mbele ikaanguka, na lile blanketi likachomoza nje taratibu, zito, jeusi, limelowa, kama ulimi wa ng'ombe.

Harufu ilitangulia. Mwalimu alifunika pua kwa tai yake. Nikalivuta blanketi kwa mikono miwili, likaja na yote yaliyokaa ndani yake: vinyesi vya panya vikatiririka kwenye zulia kama mchele mweusi, vipande vya sigara, nywele zilizosokotana na pamba, mende wakubwa kwa wadogo, na kiota chenye panya mama aliyenikazia macho, akaruka, akapita juu ya kiatu cha daktari wa meno na kutokomea chini ya kinanda. Mwisho kabisa kitu kigumu kiligonga ukingo wa besi, kikadunda, kikasimama mbele ya miguu ya Shangazi.

Yalikuwa meno ya bandia.

Daktari wa meno, kwa mazoea ya kazi nadhani, aliinama, akayanyanyua kwa kitambaa cha karatasi, akayageuza kwenye mwanga.

"Ya juu," alisema. "Kazi ya zamani, lakini si mbaya."

"Ya yule aliyewapigia wafalme?" aliuliza mwenye duka la vitambaa, na biskuti yake bado haijafika mdomoni.

Cherehani aliangua kicheko mpaka kiti kikateleza. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameng'oa mkono wake kwenye kola yangu na sasa alikuwa anaupangusa kwenye gauni lake, anaupangusa, anaupangusa, midomo imepinda kama mtu aliyelamba sabuni.

"Toa," alisema. "Toa nje ya nyumba yangu."

"Niipeleke wapi, Shangazi?"

"Popote! Jalalani! Nisiione, nisiinuse!"

"Na Cherehani akiitaka?"

"Aichukue! Nimesema itoke!"

Mashahidi walikuwepo, wamefunika pua. Nilizitoa dramu nyingine, mwisho nikabeba besi, mtoto akabeba matoazi akiyagonganisha kwa makusudi ukumbini, na hatukugeuka nyuma.

Tuliziosha uani kwa dada yangu. Maji yalitoka meusi, yakatoka ya kahawia, yakatoka ya kijivu. Msidhani tulikuta hazina chini ya ule uchafu. Tulikuta mbao za kawaida, zimebabuka, na wekundu uliobaki mabaka mabaka. Ngozi nilizitoa kwenye bendi, zile tulizokuwa tunataka kuzibadilisha, nikazikaza. Kiti tukakipandisha kwa matofali, na kwenye pedali nikafunga kipande cha ubao ili mguu wake ufike. Ilikuwa seti mbaya kupita zote nilizowahi kuziona. Mikono yangu ilinuka siku nzima, hata baada ya limau.

Cherehani alipanda juu ya matofali yake, akajiweka sawa. Hakuniangalia. Akakanyaga.

Kuku wa jirani walitawanyika. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, mdomo wazi. Cherehani akakanyaga tena, mikono ikaingia, pigo lilelile la sebuleni, lenye makosa mawili matatu niliyoyasikia wazi na nikayaacha yapite.

"Nani huyo anatuvunjia nyumba?" mtu alifoka ng'ambo ya ukuta.

"Mimi!" mtoto alimjibu kwa sauti ya kupasua koo, na hakuacha kupiga.